Hesabu ya Kabla ya Somo

Biryogo, Kigali
12 Januari 1992

Dada Zulfa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta salama, wewe, shemeji na wadogo. Sisi huku hatujambo, ila vumbi linatukohoza kwa sababu mvua imegoma.

Nakuletea habari za Kaliza. Mwezi wa sita binti yako atafanya mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwa kuwa shule yao ni ya ualimu, kalamu peke yake haitoshi. Kila msichana atasimama mbele ya darasa la kweli la shule ya msingi afundishe somo moja, na wakubwa watakaa nyuma wakiandika alama. Akianguka hapo hapati diploma, hata akishinda hesabu na Kifaransa.

Kwa hiyo kila Jumapili nimegeuza ua wangu kuwa darasa. Anakuja Kaliza na wenzake wa mwaka wa sita. Ubao ni mlango wa choo cha zamani nilioupaka rangi nyeusi. Wanafunzi wetu ni watoto wa majirani walio mwaka wa tatu, tena wanasoma katika shule ile ile mtihani utakapofanyiwa. Kaliza anafundisha vizuri sana. Kuchora tu ndiko kunakomshinda: juzi alichora ng'ombe, watoto wakasema ni meza.

Kuna jambo moja bado linatusumbua. Katika shule ile, kabla ya somo, mwalimu huwahesabu watoto kwa kabila. Wahutu wasimame, wahesabiwe, wakae. Watutsi wasimame, wahesabiwe, wakae. Watwa vivyo hivyo, kama wapo. Sijaiona katika kitabu chochote cha ualimu, lakini mkaguzi, bwana Léonidas, ndiye mkuu wa watahini, naye anaipenda. Anasema hapo ndipo anapomjua mwalimu aliyelishika darasa lake. Kaliza akifika hapo ananong'ona, basi tunarudia. Watoto nao nimewazoesha. Wakisimama na kukaa haraka bila kelele, wanapata mandazi. Wawili walikuwa hawajui wasimame na nani, nikawatuma nyumbani wakaulize. Sasa wote wanajua.

Ukimpata mtu wa kuja huku, mpe chaki za rangi. Nitazifuata kwa dereva pale stendi ya Nyabugogo.

Mdogo wako,
Usumani


Buyenzi, Bujumbura
2 Februari 1992

Usumani,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, shemeji yako anakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Barua yako niliisoma jikoni, ndagala zikaungua sufuriani na sikuzisikia harufu. Umewatuma watoto nyumbani wakaulize! Wewe, mtoto wa baba yangu! Unajua ni nani katika nyumba yetu aliyetumwa kuuliza? Ulikuwa bado unanyonya, kwa hiyo nitakusimulia.

Nilikuwa mwaka wa tatu, umri wa hao hao unaowapa mandazi. Wakaambiwa hawa wasimame, wakasimama. Wakaambiwa wale wasimame, wakasimama. Mimi nimekaa. Mwalimu, aliyetuita Waislamu wote Waswahili, akaniuliza, "Na wewe, Mswahili, ni nani?" Nikajibu, "Mimi ni Zulfa." Darasa zima likacheka, nikachapwa, nikatumwa kwa baba. Baba aliniambia. Lakini kesho yake nilisimama na rafiki yangu Umulisa, kwa sababu tulikuwa tunakalia benchi moja na niliona ndiye mtu wangu. Nikachapwa tena, safari hii mbele ya shule nzima. Sikurudi tena, na baba hakunilazimisha. Shule yangu iliishia hapo, Usumani. Maandishi haya unayoyasoma nilifundishwa na maalim katika chuo cha Kurani, siyo na wao.

Nilipokuja kuolewa tena huku nilikuachia Kaliza asome. Sikukuachia umfundishe kuwasimamisha watoto wa watu. Maneno yale asiyatamke. Wamkate alama wanazotaka.

Chaki sitatuma.

Dada yako,
Zulfa


Biryogo, Kigali
23 Februari 1992

Dada Zulfa,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Kaliza alikuwa na malaria, amepona.

Umenionea, tena sana. Habari za kuchapwa kwako sikuwa nazijua, na zimeniuma. Lakini usinigeuze mimi kuwa mwalimu yule. Mwana wako anakaa kwangu mwaka wa sita huu. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kumaliza sekondari. Katika shule yao Waislamu ni wa kutafuta kwa tochi. Mtoto amefika mlangoni, nawe unaniambia nimwache aanguke kwa ajili ya maneno ya dakika moja?

Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa Buyenzi. Kwani huko Bujumbura hawahesabiani? Au wao wanahesabiana kimoyomoyo?

Mimi nilisimama kila walipotaka nisimame. Nikakaa, nikasoma, leo ni mwalimu. Naye atamke, watoto wakae, afundishe, achukue diploma yake. Siku atakapopewa darasa lake mwenyewe, asimhesabu mtu yeyote hata maisha yake yote. Nani atamkataza? Lakini bila diploma hatapata darasa la kukataa kulihesabu. Hilo hulioni?

Jumapili ijayo tunaendelea kama kawaida.

Mdogo wako,
Usumani


Buyenzi, Bujumbura
12 Aprili 1992

Usumani,

Waaleikum salaam, na Idi njema ingawa imepita. Tulifunga salama.

Ni kweli, huku wanahesabiana kimoyomoyo. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, watu walipouawa mitaani, tuliona hesabu hiyo inawapeleka watu wapi. Jirani yangu alitoka kwenda kazini hajarudi mpaka leo. Ulidhani unanisuta, kumbe unanisaidia kusema.

Nimemwandikia Kaliza mwenyewe. Amejibu kwamba ataita majina tu, kisha afundishe, hata kama watamnyima diploma. Nililia nilipoisoma, maana diploma hiyo naitaka kuliko unavyofikiri. Mtaa mzima nimeshautangazia. Lakini nimemwambia sawa, mwanangu, fanya hivyo.

Wewe usimtie woga. Shughulika na yule ng'ombe wake.

Dada yako,
Zulfa


Biryogo, Kigali
21 Juni 1992

Dada Zulfa,

Asalaam aleikum. Nilikunyamazia kwa hasira, na sasa nakuandikia kwa hasira nyingine ambayo sijui nimpelekee nani. Nianze na unalosubiri: Kaliza amefaulu. Somo lake limepata alama za juu kuliko wenzake wote.

Sasa nikueleze zilivyopatikana.

Mwalimu aliyewaandaa wasichana aliruhusiwa kukaa nyuma ya watahini, kwa hiyo niliyaona yote. Kaliza aliingia, akawasalimu watoto, akaita majina, mmoja mmoja. Hakunong'ona. Akafunga daftari la mahudhurio, akachukua chaki, akaanza kuchora ng'ombe. Bwana Léonidas akainua kalamu yake juu ya karatasi. Nikajua inakwenda kukata.

Darasa lile, dada, nusu yake ni watoto wa ua wangu. Wakaanza kutazamana. Wakageuka wakanitazama mimi. Halafu Asiya, binti wa fundi cherehani wa jirani, mmoja wa wale wawili niliowatuma wakaulize, akanyoosha mkono.

"Mwarimu, hatujahesabiwa bado."

Kaliza akamwambia, "Leo hatuhesabu. Kaa, Asiya."

Asiya akanitazama tena. Anampenda Kaliza, anamfuata hata akienda bombani kuchota maji. Nadhani alifikiri Kaliza amesahau, na kwamba ataanguka. Akasimama. Wenzake aliofundishwa asimame nao wakasimama nyuma yake. Wakajihesabu kwa sauti, kuanzia benchi la mbele hadi la nyuma, wakakaa. Kisha wale wengine wakasimama, wakajihesabu, wakakaa. Haraka, bila kelele, kama nilivyowafundisha. Walipomaliza wakamtabasamia Kaliza. Walikuwa wamefurahi sana kwamba wamemwokoa.

Kaliza alikuwa amesimama na chaki mkononi, mgongo kwa ubao. Ningeweza kusimama mimi niseme, "Watoto, kaeni, mwalimu wenu amesema hapana." Wangenisikiliza. Sikusema. Niliitazama ile kalamu ya mkaguzi, nikaona haijakata, nikanyamaza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na sitaipamba.

Bwana Léonidas akawageukia wenzake, akawaambia, "Mnaona? Darasa linajiongoza lenyewe. Disipulini ya namna hii sijaiona mwaka huu."

Kaliza akafundisha somo lake hadi mwisho.

Tulipotoka, watoto walinikimbilia langoni wakidai mandazi yao.

Binti yako hajaniambia neno tangu siku ile. Anakula kwa majirani. Wiki hii atapanda basi aje kwako. Hongera, dada, una mwana mwenye diploma.

Mdogo wako,
Usumani


Buyenzi, Bujumbura
5 Julai 1992

Usumani,

Waaleikum salaam. Kaliza amefika. Amekonda.

Hongera yako nakurudishia. Majirani walikuja na vigelegele, akawapita mlangoni akaenda kulala. Diploma hataki niitundike ukutani. Nilimuuliza mbona hukuwafokea wale watoto wakanyamaza? Akanijibu, "Mama, wangekuwa wananichukia ningewafokea. Walikuwa wananipenda."

Anasema hatafundisha. Wamemwita shule moja hapa Buyenzi, amekataa. Anasema akisimama mbele ya watoto anawaona wanamtazama, wanangoja. Miaka yote ile, Usumani. Kumbe mimi walinitoa shuleni kwa fimbo, na yeye wewe umemtoa kwa mandazi.

Nilikuwa na hasira na yule mwalimu wangu hadi nikazeeka nayo. Yule alikuwa mtu baki. Wewe nimekubeba mgongoni. Ulijua, nilikuandikia, nilikusihi, na siku yenyewe ulikuwa umekaa pale pale na mdomo unao.

Usiniombe radhi, sitaki kuisoma. Watoto wale uliwasimamisha wewe. Basi waketishe wewe. Mpaka uwe umewaketisha, usiniandikie.

Dada yako,
Zulfa


Biryogo, Kigali
30 Agosti 1992

Dada Zulfa,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na Kaliza awe anakula.

Radhi siombi, umenikataza. Nakupa taarifa tu.

Niliwakusanya watoto wote uani, nikawaambia yale ya kuhesabiana yamekwisha, nilikosea kuwafundisha, hapa kwangu hakuna kundi hili wala kundi lile. Wakanijibu, "Ndiyo, mwarimu," kwa adabu zao zote. Baba mmoja alikuja jioni kuniuliza mbona nawachanganya watoto akili, siku hizi ni vizuri kila mtu ajijue. Nilimfukuza. Sasa hatusalimiani.

Nikadhani nimemaliza, nikakaa leo mchana nikuandikie barua ya furaha. Nimeshika kalamu nikasikia sauti uani. Walikuwa wanacheza shule. Asiya amejifunga kitambaa kama Kaliza, amechukua chaki yangu, anawasimamisha wenzake. Hawa juu, hawa chini. Wale juu, wale chini. Wanacheka.

Nilitoka kama kichaa. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mtoto wa mtu. Nikasema kaeni chini, kila mtu, sasa hivi, na nisimwone hata mmoja amesimama!

Wakakaa, dada, wote, papo hapo, hata Asiya. Hakuna aliyebisha.

Wamekaa makundi mawili, na katikati wameacha nafasi. Sikuwaambia wafanye hivyo. Nilikaa pale katikati, chini, juu ya vumbi, nikiwasubiri wasogee. Walinitazama tu.

Mdogo wako,
Usumani