Carte ya bure kutoka Mubi

Josiane, uko? Kaka Élysée amerudia sasa hivi kutoka Mubi, kule ku machimbo, na hataki kula. Usiambie muntu.

Unajua alienda kutafuta carte graphique, ile kipande ya kuonyesha picha, ya zamani, ya bei ya chini, juu michezo ziache kukwama mu ordinateur yake. Papa mwenye duka akamuwekea mbili ku meza. Ile mupya ilimushinda bei. Ile ya zamani akaitambua: vernis, rangi nyekundu ya kucha, ku kona.

Ile vernis ni yangu, Josiane. Noël aliniibiaka juu atie alama ku carte yake.

Ndugu yetu Noël, mwenye alipitia na pikipiki njia ya Kalembe, kwenye watu ya bunduki wanakamataka wasafiri, ordinateur yake imefungwa nyuma, na tangu mavuno ya maharagi hatujasikia sauti yake. Élysée akawaza: kumbe Noël ameuza carte yake, basi angali muzima. Na furaha yote akauliza, «Upande wa nyuma, ile waya yenye Noël alifungia ventilateur, ile feni yake, ingali?»

Papa alikuwa hajaigeuza bado. Akaigeuza polepole. Waya iko.

Papa akaacha kucheka. «Noël gani?»

«Ndugu yangu.»

Élysée alisema vile, Josiane. Ndugu yangu.

Papa akaweka carte mu mufuko, akamusukumia. «Beba. Bure.»

Mu Mubi, kwenye hata musumari moja hawakupe bila franga. Bure.

Halafu akauliza na sauti ya upole, «Munaikalaka wapi?»

Na Élysée, juu aliona haya kumunyima jibu muntu mwenye amemupa zawadi, akamuelekeza vizuri: Nyamitaba, nyuma ya kanisa, nyumba yenye mulango ya bleu.