Dada, Mwanao Hajui Kusubiri

Dada Mwanahamisi,

Mungu akurehemu, lakini leo nimekukasirikia, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe mwenyewe. Uliniachia Nuru humu kwenye chumba changu kimoja cha mtaa wa La Rochelle, huku kusini, yeye na cherehani yangu na vitambaa vya watu, ukaenda zako. Miezi kumi na moja sasa. Mwanao anakaribia miaka mitano, amerefuka, Kiswahili anakielewa chote ila ananijibu Kiingereza, na hajui kusubiri. Hata kidogo! Nikisema chai ya moto, kidole kishaingia. Nikisema tungoje robot, taa ya barabarani, igeuke kijani, nimeshika hewa, mwenzangu yuko barabarani. Juzi dereva wa teksi alinitukana kwa Kizulu mpaka nikashukuru kwamba sielewi yote.

Wewe ulikuwa unacheka tu. Siku ile alipotia mkono kwenye maandazi ya wageni, akayamega yote moja moja, ulicheka ukakaa chini sakafuni. "Mwache, Saumu, atakua." Mimi ndiye niliyekimbia duka la spaza kutafuta biskuti. Haya, atakua lini?

Sikiliza kilichonipata. Mwezi uliopita nilikuwa na gauni la bi harusi, lesi nyeupe, mwenyewe analitaka Jumamosi. Alhamisi mchana nikamwambia Nuru asiguse mkasi. Akaitikia. Nikamwambia arudie nilichosema, akarudia bila kukosea. Nikatoka uani kuanua nguo. Kurudi, namkuta amekaa juu ya lesi, mkasi mkononi, anajionya mwenyewe kwa sauti ya upole kama mwalimu: "No mkasi, Nuru. No mkasi." Na anakata! Dada, sheria iko mdomoni na mkono unakata.

Nilimpiga. Kofi la kwanza lilikuwa la kumkanya. La pili lilikuwa la hasira zangu tu, na nalijua. Hakulia. Aliutazama mkono wake kama vile ni wa mtoto mwingine, na hilo likaniudhi zaidi, kisha likaniuma.

Gauni lilipona. Ijumaa nzima nilishona maua ya lesi juu ya lile tundu, na bi harusi akayapenda hadi akataka mengine upande wa pili. Nilimjibu sawa, meno nimeyauma.

Jumatatu nikaenda na hasira zangu krechi, kwa Mama Furaha, yule Mkongo wa Bukavu anayelea watoto nyumba ya kona. Nikamweleza ya mkasi na makofi, nikamwambia humfundishi mtoto nidhamu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, katoto kachanga kamelala mgongoni mwake.

"Unamupiga juu ya nini?" akaniuliza. "Huyu mutoto si mukaidi. Kichwa inajua. Ile ya kusimamisha mukono ndiyo haiyakomala."

Nikamwambia hayo, eti haijakomaa, ni maneno ya kumdekeza mtoto. Akaniambia nitulie nitazame tu, nifungue kopo la vifungo nililokuwa nimebeba kwenye mkoba. Akamwita Nuru, akaweka mabakuli mawili: vyekundu huku, vya bluu kule. Nuru akavipanga haraka haraka. Kisha Mama Furaha akabadilisha: sasa rangi tuache, vikubwa huku, vidogo kule. Umeelewa? Nuru akaelewa. Vikubwa viende wapi? Akaonyesha bakuli lenyewe. Akachukua kifungo kidogo chekundu, akakitia kwa vyekundu. Kingine vilevile. Cha tatu, vilevile! Nilitamani kumshika ule mkono niupeleke mwenyewe, nikawa nimeshainama, na Mama Furaha akanivuta gauni.

"Uko unaona? Hata wewe nilikuambia utulie, na mukono yako imeenda."

Eish, mwanamke yule.

Aliniita niangalie watoto waliomzidi Nuru mwaka mmoja. Waliambiwa wabadilishe, wakabadilisha, kama mchezo. Akasema hakuwafundisha kwa fimbo. Umri ulifika, na kila siku walicheza hivyo hivyo, wakikosea na kuanza upya. Nilirudi nyumbani nikiwa bado na kinyongo, lakini mkasi niliutundika juu kwenye msumari, nikajiuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo.

Tangu hapo, akirudi mchana, tunapanga vifungo. Usidhani ni raha. Anakosea, napandisha sauti, anavimba mashavu, tunaacha. Wiki iliyopita alichukua kidogo chekundu, akaupeleka mkono kule kule kwa zamani, mkono ukasimama hewani. Akakunja uso, midomo ikicheza, halafu mkono ukageuka ukaenda kwa vidogo. Nilipiga kigelegele! Naye kwa furaha akalipindua kopo zima, nikashinda nikiokota vifungo chini ya kitanda na kukulaumu wewe.

Sasa nikuambie la Jumapili. Kila mara anapokuulizia, sote hapa, mimi na majirani, tumekuwa tukimwambia umesafiri Tanga. Na anayemwambia "subiri, mama atarudi" ni mimi. Mimi, ninayemgombeza hawezi kusubiri uji upoe. Jumapili aliniuliza tena, nikashindwa kusema uongo ule. Nikampakata, nikamwambia mama amefariki, na aliyefariki harudi, hata akitupenda vipi.

Akashika kifungo cha gauni langu, akakizungusha. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili kabisa, "Hata nikisubiri vizuri, mama mdogo?"

"Hata ukisubiri vizuri, mwanangu."

Akataka mkate na jemu, saa hiyo hiyo. Nikampa. Nilikwenda kulia uani.

Lala, dada. Bado nina hasira na wewe, na zitanichukua muda. Mwanao sitampiga tena. Na kuanzia sasa, nikimwambia Nuru asubiri, kitakuwa ni kitu kinachokuja kweli.

Mdogo wako,
Saumu