Mabuu wa Gogo la Mnazi

Mjukuu wangu Mwanaesha,

Salamu nyingi kutoka Kau. Mto umeshuka, na mama yako yuko shambani anapanda mpunga.

Umeuliza mabuu wanene uliowaona chini ya gogo bovu ni wa mdudu gani. Usichanani mwangu minazi yetu ilinyauka, watu wakasema ni kijicho cha kijana jirani yetu. Nikakataa. Mabuu kama hao walijaa chini ya magogo ya minazi tuliyoyalaza ukingoni kupandishia mitumbwi. Nikawatia chunguni pamoja na vipande vya gogo. Mama alidai chungu chake, nikamnyima hadi mmoja alipogeuka chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe atafunaye kilele cha mnazi. Tukachoma magogo.

Nawe watie chunguni, ungoje. Na minazi ya huko ikinyauka, usimshutumu mtu kabla mdudu hajatoka. Kijana yule ndiye babu yako.

Bibi yako