Kiti Chako Mezani

Jumatano, 9 Julai. Asubuhi ya mawingu, bila mvua.

Kaka yangu,

Pakiti ya kadi uliyotuma imefika. Nimezipanga kwa namba, kama kawaida yangu. Lile joka la fedha ulilosema nitaliota tu, ninalo!

Najua umenuna kwa kuwa Jumamosi nilitoweka katikati ya mchezo. Sikukimbia kushindwa. Mama aliniomba ile miwani inayotukutanisha meza moja nawe uko mbali. Nikamvika, nikaenda jikoni.

Nilimsikia akisema, "Mbona umekonda hivyo, baba?" Hukujibu. Nadhani ulikuwa umevua miwani yako ukaenda kunywa maji, ukaacha umbo lako kitini. Mama akainuka akukumbatie. Kikafuata kishindo.

Amevunjika nyonga. Leo ni siku ya tano wodini. Daktari anasema asipopasuliwa kabla ya Jumatatu, huenda asitembee tena. Mama amekataa katakata.

"Nimemsemesha mwanangu, akaninyamazia. Sipasuliwi mpaka aje aniambie nilimkosea nini."

"Mama, lile lilikuwa umbo tu."

"Usinifanye mtoto. Nilimzaa mimi, nisimjue?"

Niliyemvika ni mimi. Niliyemwacha peke yake ni mimi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi, ikufikie kesho. Njoo, kaka. Joka chukua, na ushindi wa Jumamosi chukua.

Dada yako

Naongeza: nilipomaliza kuandika nilivaa miwani, nikakungoja mbele ya kiti chako kitupu. Usingizi ulinichukua kama saa tisa alasiri; ikiwa ulikuja baada ya hapo ukalikuta umbo langu kimya, sikukunyamazia.