Alama Yangu Kwenye Prosesa

Mpwa wangu mpenzi,

Mjomba wako ni mzima, ila mguu unauma tangu nilipomkimbiza mwizi hadi wilaya ya pili, yeye kwa pikipiki, mimi kwa kandambili. Nilimkamata.

Orodha yako ya vifaa vya kompyuta ya gemu niliipeleka dukani mwenyewe. Kadi ya picha nilichukua iliyotumika, kama ulivyosema, ili akiba yako ya miaka miwili itoshe prosesa mpya, huo ubongo wa kompyuta. Muuzaji alikuwa anacheka mno. Mtu wa kucheka hivyo ana lake jambo. Akasema, "Niachie nivijaribu kwanza, mjomba. Uje kesho."

Nikajua anataka kubadilisha. Mimi hata kijiko changu nyumbani kina alama! Alipogeuka nikatoa msumari, nikakwangua msalaba kwenye prosesa, upande wa chini, penye vile vidoa vya dhahabu, asipaone.

Kesho yake hacheki. "Mzee, nani kakwangua hapa? Ndipo umeme unapopita! Imekufa hii."

"Umebadilisha," nikamwambia.

"Nimebadilisha vipi, na msalaba wako huu hapa?"

Nikawapelekea mafundi wengine wawili. Wakasema hivyohivyo. Hao lao moja, nawajua.

Basi, baiskeli yangu nimeiuza. Prosesa nyingine imo kwenye mzigo huu, pamoja na vifaa vyako vyote, uunganishe mwenyewe. Hiyo sikuitia alama. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi mjomba wako, ambaye hajawahi kuibiwa.