Letre tano ya jina Akelo

Siku ya pili ya juma, 3 juin 1986

Majani ya sombe iko ku moto, Akelo hajarudi. Iko tena ku centre ya kufundishia vijana, kwa ile ordinatere, mashini ndogo wanaunga na televizyo. Tangu Pasaka mutoto yangu anaandika maneno ya muchezo wa kucheza mu kioo yake. Citoyen Bosenge, mwalimu wa mashini, anaingiza namba. Akelo anaandika hadisi: mutoto ametumwa na mama yake apeleke chumvi kwa nyanya yake, kule Bogoro. Njiani kuna milango tano. Ku kila mulango unaandika HODI. Mwenye nyumba anauliza, unajibu. Ukijibu na kiburi, unarudishwa ku njia. Ukisahau hodi, imbwa anakufukuza.

Hodi ilitoka kwangu. Nilimuambia, mutoto gani anaingia tu kwa watu?

Kaye tatu zimejaa maandiko yake. Macho yake imekuwa nyekundu. Naogopa. Nimemufichia kichwa cha samaki.

Siku ya tano, 13 juin

Nilimupelekea Akelo bugali ku centre. Nikakuta Bosenge anaonyesha wageni muchezo. Mumoja akauliza maneno ni ya nani. Bosenge akacheka. "Maneno ni kitu gani? Kila mutu ana kinywa."

Akelo alikuwa nyuma yake, kaye mu mikono.

Nilisahau sahani kule kwa hasira. Kila mutu ana mikono pia. Aje atwange sombe yangu, tuone.

Akelo anasema nitulie. Siku ya kuonyesha muchezo kwa wazazi, majina yatatoka mu televizyo. Na ya kwake. Anangojea ile tu.

Siku ya posho, 21 juin

Haikutoka.

Watoto walipiga kelele ya furaha, walijibu milango kwa sauti, hata wababa walikuwa wanasema hodi, hodi. Kisha majina. Bosenge. Direktere wa centre. Hata mutu aliyekopesha grupe ya kutoa umeme, jina lake lote, na la baba yake.

Akelo alikuwa amevaa liputa yangu mupya ya kitenge. Aliangalia ile kioo mupaka ikawa nyeusi. Tukarudi nyumbani. Hakukula.

Nilimupa jina Akelo sababu alizaliwa baada ya mapacha. Kwetu Mahagi ni yule anayefuata. Nilijua ni baraka. Leo nimechukia hata jina.

Siku ya kwanza, 23 juin

Nilienda kwa direktere. Nilisoma mupaka ya tatu primaire tu, na mu ile bureau kila kitu ni Kifaransa. Alinipa kiti. Akasema, mama, usikasirike, mashini ni ndogo, kila letre ya jina inakula fasi ndani yake.

Nilitoka. Nikahesabu na vidole mupaka nyumbani. Akelo, tano. Bosenge, saba. Wa grupe, sikuweza kumaliza, vidole vilikwisha.

Fasi haikukosa. Walimuona mutoto yangu si mutu.

Siku ya ine, 3 juillet

Mama Neema, jirani yangu, amerudi kutoka Boga na vitenge. Bosenge alipeleka mashini kule. Aliondoa maswali ya Akelo, na hodi, apate fasi ya kuweka motokari ya rangi. Watoto wa Boga waliangalia kidogo, wakaenda kupiga mupira. Mumoja aliuliza, huyu anakimbia anaenda wapi? Hakuna mutu alijua.

Mama Neema alicheka mupaka machozi. Miye pia nilicheka. Kisha nikakasirika tena. Bosenge alimwaga kazi ya miezi kama maji ya kunawa.

Akelo hajashika biki ya kuandikia tangu ile siku. Anafagia fasi ambayo imefagiwa.

Siku ya tatu, 9 juillet

Bosenge amekuja. Aliingia mu lupango ya nyumba yetu moja kwa moja bila hodi, mupaka ku mulango, na viatu, anaita Akelo iko wapi.

Nilisimama. Nilimuambia, "Citoyen, rudi ku njia."

Alifikiri ni muchezo. "Mama, weye pia!" Nikamuangalia tu. Akarudi mupaka ku barabara, watoto wa jirani wanaona.

"Hodi."

"Nani?"

"Bosenge."

"Unatafuta nani?"

"Akelo."

"Akelo ni nani?"

Hapo alipangusa uso. Jasho. Nilikuwa na muchi mu mukono, nilikuwa natwanga, sikuushika kwa ajili yake. Kisha akasema: yule aliyeandika muchezo.

Nikasema karibu.

Alikuja kuomba kaye, arudishe maneno mu muchezo; hatukumupa. Akelo mwenyewe alimuambia, bila kuinua sauti: jina kwanza, mu kioo, mama asome, ndipo maneno. Sikumufundisha hiyo. Usiku uliopita alikuwa mutoto.

Siku ya yenga, 20 juillet

Baada ya misa tulipita ku centre. Bosenge aliwasha mashini. Motokari haiko.

Kabla ya mulango wa kwanza inatoka: MANENO YA AKELO. Inakaa kidogo, inapotea.

Nilimuomba arudishe mwanzo. Akarudisha. Nilisogea, nikaweka kidole ku kioo, ni ya moto kidogo. Nikasoma letre moja moja, zote tano. Akelo alikuwa ananingojea ku mulango na kaye zake.

Nyumbani alikula sahani mbili.