Sauti ya Lekishon

Kajiado, 4 Oktoba 2024

Sopa, ndugu yangu Tajeu,

Habari ya Kitengela? Mgongo umepona? Sisi wazima, ila mtoto wangu Lekishon. Simu hushiki, kwa hivyo naandika.

Ana miaka kumi na saba na sauti bado ile ya darasa la nne. Daktari anasema homoni ya kiume iko ya kutosha kwenye damu, lakini vipokezi vyake, pale mwilini inapotakiwa kushika, haviipokei sawasawa. Ndiyo maana sauti na viungo vya uzazi havijakomaa. Akasema hii hupitia kwa mama, akauliza kama kwetu kuna mwanamume wa hivyo. Nikakutaja.

Desemba rika lake linatahiriwa. Baba yake anasema hatasimama na wenzake, eti amelaaniwa. Mtoto ameacha kuongea kabisa. Nakuomba uje uongee naye.

Dada yako,
Soipan

Kitengela, 2 Novemba 2024

Dada Soipan,

Ipa. Mgongo bado, lakini wenye mageti hawangoji fundi apone.

Daktari amesema kweli. Hata mimi nilipimwa nikaambiwa hivyo hivyo. Hakuna laana. Lakini kuja siwezi. Unajua nilifungua mdomo mbele ya wazee wakacheka mpaka machozi. Hapa nakata chuma mchana kutwa, grinda inapiga kelele, na hakuna anayesikia sauti ya mtu. Nimezoea. Msalimie mtoto.

Ndugu yako,
Tajeu

Kajiado, 11 Novemba 2024

Ndugu yangu,

Pole na kazi. Sina hasira, nina uchungu tu. Jana Lekishon amefunga nguo zake kwa mfuko. Wewe uliondoka hivyo hivyo, na mama akafa akikuulizia. Mimi sitaweza kuvumilia hivyo. Wazee wanakaa kuamua juu yake Jumamosi, tarehe thelathini.

Dada yako,
Soipan

Kajiado, 3 Desemba 2024

Ndugu yangu mpendwa,

Ulifika salama? Uliondoka bila chai, nikanuna.

Uliposimama kuongea na wale wazee wakaanza kucheka, moyo ulinienda mbio. Wewe ukaendelea tu. Ukasema huyu ni mpwa wako, na anayetaka kumwita amelaaniwa akuite wewe kwanza. Kicheko kikaisha. Mume wangu amekubali mtoto asimame na wenzake.

Lekishon hukumwona. Alikuwa amejificha nyuma ya boma, anasikiliza. Ulipoenda alikuja jikoni, akaongea mara ya kwanza baada ya miezi miwili:

"Yeyo, mbona hukuniambia kuna mtu anaongea kama mimi?"

Nimelia tu.

Dada yako,
Soipan